Watu Watatu, Mtumbwi wa Watu Wawili

Tangu turudi kutoka mlimani sijaweza kwenda sokoni Same nikarudi nyumbani na amani yangu. Muuza nyanya ananiuliza samaki wako wapi. Fundi cherehani naye ananiuliza. Hata wagonjwa wanaokuja zahanati kufungwa vidonda wananiuliza, tena wakati nimeshika mkasi: "Dresa, tulisikia mmekwenda kuvua ziwani huko juu. Mbona hata harufu haikutufikia?" Nanyi wenzangu wa kwenye bao mmesikia vipande vipande, kimoja kwa utingo wa lori, kingine kwa watu wa Suji, na mmeviunga mnavyojua wenyewe. Basi nawaandikia yote kwa mpigo. Pokezaneni, someni, mkimaliza mniache.

Zefania mnamjua, mwalimu wa darasa la saba. Lakini sidhani mnajua jinsi tulivyokuwa. Tulianza kuvua kambale pamoja Mto Pangani tukiwa vijana ambao hata ndevu hatujaota. Alipooa, mimi ndiye niliyesimama naye kanisani. Nilipofiwa na baba, yeye ndiye aliyekaa nami matanga hadi watu wote wakaondoka. Sikuwahi kujiuliza kama nina rafiki mwingine, kwa sababu sikuona haja.

Mtumbwi wenyewe aliupata kwa mzungu mmoja mpima ardhi, ambaye Zefania alikuwa akimfundisha Kiswahili. Mzungu yule alipomaliza kazi yake akarudi kwao, akamwachia. Aliuita kayaki. Ni kiunzi cha mbao nyembamba unachokiunganisha, kisha unakivika ngozi ya turubai, na ukimaliza kuvua unakikunja chote ndani ya mfuko mrefu. Kafi lake lina bapa huku na huku. Una viti viwili, cha mbele tulisema cha Zefania, cha nyuma changu. Ulilala nyumbani kwangu, chini ya kitanda, na mimi ndiye niliyezipaka zile mbao mafuta kila mwezi. Mzungu alikuwa amemwambia Zefania kwamba nyuma ya kijiji cha Suji, milimani Upare, karibu na msitu, kuna ziwa dogo, na kwamba aliona kwa macho yake samaki wakirukaruka juu ya maji jioni. Tulilizungumza ziwa hilo mwaka mzima. Mwaka mzima, mimi na yeye.

Same: abiria wa tatu

Shule zilipofungwa nikaomba ruhusa kazini, tukapatana kuondoka Ijumaa. Nilifika stendi jua halijapanda, mfuko wa mtumbwi begani, sufuria na unga mgongoni. Zefania akaja amechelewa. Alikuwa na mtu. Tena alikuwa amembebea mtu huyo begi lake.

"Ombeni," akaniambia, uso umemng'aa, "huyu ni Majura, Bwana Samaki wetu mpya. Kwao Ukerewe. Nimemwambia habari za ziwa, hakulala."

Nilikuwa nimemsikia. Miezi miwili ile, kila nikipita kwa Zefania jioni, mkewe alikuwa ananiambia ametoka na Bwana Samaki, yule afisa mpya wa uvuvi. Nilidhani ni mambo ya kazi, labda shule inachimba bwawa. Sasa nikamwona: mtu mrefu, shati jeupe limenyooka kama la bwana harusi, na fimbo za kuvulia ndani ya bomba la bati, zile zenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Mimi nilikuwa na mshipi wangu nimeuviringisha kwenye kipande cha mti.

"Nimesikia sana habari zako, Bwana Ombeni," akasema, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mimi sikusikia zako," nikamjibu. Zefania akacheka akidhani natania.

Basi lilichelewa, na lilipokuja kondakta akauangalia mfuko wa mtumbwi, akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo maiti mnaipeleka wapi?"

"Si maiti," nikasema. "Ni mtumbwi."

"Mtumbwi unakunjwa?"

Abiria wakaanza kuchungulia madirishani. Mama mmoja akasema yeye hapandi gari moja na maiti isiyo na jeneza. Nikapiga magoti pale vumbini, nikaanza kufungua kamba ili wauone, na kamba zikakataa, na kadiri nilivyozidi kuhangaika ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha jambo. Majura akamwendea kondakta, akamwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya msiba: "Ndugu, marehemu anaitwa Mbao bin Turubai. Tunampeleka Suji akafufuke majini." Basi zima likaangua kicheko. Mfuko ukapandishwa juu ya keria na kondakta mwenyewe. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti.

Ndani zilibaki nafasi mbili za pamoja na moja peke yake kule nyuma. Mnaweza kukisia nani alikaa wapi. Nilikaa na mzee aliyelala begani kwangu akiwa amekumbatia kuku, nikiviangalia visogo vya wale wawili mbele. Visogo vinaonyesha mengi. Cha Zefania kilikuwa kikigeuka kila mara upande wa dirishani, alikokaa Majura.

Makanya: dagaa

Lori la kupanda Suji lilitakiwa kuondoka mchana. Dereva, tukaambiwa, amekwenda mazishini Hedaru. Tukangoja kwenye kibanda cha chai karibu na njia ya shamba la mkonge. Jioni wakaanza kupita manamba wakitoka kazini, mikono imechanwachanwa na miiba ya katani, wakizungumza lugha za kila upande wa nchi hii. Mzee mmoja wa Singida akaketi nasi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akawatazama wenzangu waliokuwa wakibishana wakicheka habari ya ndoana ipi inamfaa perege.

"Hawa ndugu wawili wanapendana," akaniambia. "Ni mtu na mdogo wake?"

"Hapana, mzee."

"Na wewe ndiye unayewabebea mizigo?"

Sikumlaumu. Mfuko mkubwa ulikuwa umelala mapajani mwangu. Nilikuwa sitaki kuuweka chini kwenye matope, ndiyo maana.

Nilikuwa nimechukua maharage ya kukaangwa, mke wangu aliyatengeneza makusudi kwa sababu Zefania huyapenda. Nilikuwa naanza kuyafungua Majura alipotoa kifurushi cha dagaa. Dada yake amemtumia kutoka Ukerewe, akasema, wamekaushwa juu ya mwamba, si mchangani. Akawakaanga kwenye moto wa mwenye kibanda, kwa kitunguu na pilipili. Zefania akala, akafumba macho, akasema: "Jamani, tangu nizaliwe sijala kitu kama hiki."

Tangu azaliwe! Mtu ambaye nimekula naye sahani moja miaka yote hiyo. Niliyafunga maharage yangu nikasema nimeshiba. Kisha nikawaonja dagaa, kidogo tu, kwa adabu. Nasikitika kuwaambia walikuwa watamu sana.

Dereva hakuja siku ile. Tulilala kwenye baraza ya ghala moja, mimi, mfuko wa mtumbwi, halafu wao.

Suji: siku isiyouzwa kitu

Lori lilipanda Jumamosi asubuhi. Kwa asiyeijua barabara ile, niseme tu kwamba kwenye kona utingo anashuka na gogo mkononi, anakimbia nyuma ya gurudumu, na gari likishindwa analikingia. Chini tambarare yote ya mkonge inabaki kama mkeka ulioanikwa. Hewa inageuka baridi, migomba inaanza, na maji yanasikika kwenye mifereji usiyoiona. Majura, mtu wa visiwani, hakuwahi kupanda mlima wa namna ile. Alishika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, midomo imemkauka. Hapo nikafurahi. Lakini Zefania akamwekea mkono mgongoni, akawa anamwonyesha milima kwa majina ili asitazame chini, na furaha yangu ikaisha.

Tulipofika Suji maduka yote yamefungwa. Tulikuwa tumesahau kwamba wengi wa huko ni Wasabato. Tulitafuta wa kutusaidia mizigo hadi ziwani, tukakutana na mama mmoja ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta watu wa kutubebea."

"Marahaba. Leo hakuna wa kubeba, wanangu."

"Na chakula? Tutanunua wapi?"

"Leo hakuna wa kuuza." Akatupima kwa macho. "Kuuza hatuuzi, lakini kula mtakula. Njooni."

Tukaingia kwake, tukapewa makande yaliyopikwa tangu jana, mahindi na maharage yameiva hadi yamekuwa kama uji, na maziwa mgando. Mama Nakiete, ndilo jina lake. Alipouliza sisi ni nani, nilidhani Zefania ataanza na mimi, kwa kuwa mimi ni mkubwa na nilikaa karibu yake. Akanyoosha mkono upande wa pili.

"Huyu, mama, ni Bwana Samaki wa wilaya."

Mama Nakiete akaacha kupakua. "Bwana Samaki? Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na mnakwenda ziwani?"

"Ndiyo."

"Mungu ni mwema," akasema, akatuongezea makande. Sote watatu tulidhani anafurahia wageni tu.

Ziwani: watu wenye ndoo

Tulibeba wenyewe. Njia inapita mashamba ya kahawa na migomba, kisha inaingia kwenye nyasi ndefu chini ya msitu, na hapo unaliona ziwa. Lilikuwa dogo kuliko nilivyoota mwaka mzima, lakini lilikuwa zuri, sina budi kusema. Maji meusi yaliyotulia, ukungu umekaa juu ya miti kama kofia, na kimya. Tukapiga hema kabla giza halijaingia. Hema lilikuwa la Majura, nalo ni la watu wawili. Tuliingia watatu. Mvua ikanyesha. Asubuhi niliamka miguu yangu iko nje na blanketi limekunywa maji yote ya Upare.

Kilichoniamsha ni sauti za watu. Nikachungulia. Ukingoni walikuwa wamesimama wanakijiji, wanaume, wanawake na wazee, na kila mmoja ameshika ndoo, debe au chungu. Mbele yao mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elieza, amevaa koti la sherehe. Mama Nakiete alikuwa pembeni yake.

Tukatoka, nywele zimesimama. Mzee Elieza akatukaribisha kwa niaba ya kijiji, akasema wanaushukuru uongozi kwa kutosahau watu wa milimani. Akasema ziwa wamelifyeka magugu kwa kazi ya pamoja kama walivyoagizwa, na maombi yao waliyapeleka wilayani zamani, na leo wamefurahi kuona majibu yake. Watu wakapiga makofi.

"Sasa, ndugu Bwana Samaki," akasema, "samaki mmewaweka wapi?"

Majura akamtazama Zefania. Zefania akanitazama mimi.

"Samaki gani, mzee?" Majura akauliza.

"Wa kupanda. Vifaranga vya samaki. Si ndio mliokuja nao?" Mzee akaugeukia mfuko wetu. "Wamo humo?"

"Humo mna mtumbwi," nikasema.

"Mtumbwi wa kazi gani?" Mama Nakiete akauliza. "Ziwa hili halijawahi kuwa na samaki hata mmoja."

"Lakini kuna mtu aliona wanaruka jioni," akasema Zefania, sauti imekwisha nguvu.

"Vyura," akasema Mama Nakiete.

Nitawaambia kweli nilichosikia moyoni wakati ule, kwa kuwa mmetaka kujua. Sikuhuzunika. Nilimwangalia Majura na shati lake, Bwana Samaki aliyepanda mlima na fimbo za kigurudumu kuja kuvua vyura, mbele ya umati wenye ndoo tupu, nikasema, haya, awachekeshe sasa kama alivyowachekesha abiria.

Majura hakufanya mzaha. Alivua kofia. Akasema: "Wazee wangu, mama zangu, sikuja kikazi. Nimekuja mapumziko na rafiki zangu. Maombi yenu sijayaona, kwa kuwa mimi ni mgeni ofisini, lakini ningepaswa kuuliza kabla ya kukanyaga ardhi ya watu, na sikuuliza. Sina samaki. Mmeacha kazi zenu mkaja na ndoo, na mimi nimewaletea tumbo la kula makande yenu. Naomba radhi."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Kisha Mama Nakiete akacheka, kwanza polepole, halafu hadi akaweka ndoo chini. "Basi tumewapokea Mabwana Vyura," akasema. Kicheko kikasambaa. Nikajua kwamba kama ningesema mimi, tungefukuzwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya maiti, zaidi ya dagaa.

Mbaya zaidi, Majura akasema kwa kuwa yupo na mtumbwi upo, atapima kina cha ziwa ili ajue ni samaki wa namna gani watafaa. Tukauunganisha mtumbwi, yaani niliuunganisha mimi, wao wakinipitishia mbao. Majura akaketi mbele na jiwe lililofungwa mshipi. Zefania akaketi nyuma na kafi. Kwenye kiti changu. Siku nzima walizunguka maji yale, jiwe linashuka, jiwe linapanda, na Majura anapaza sauti kutaja kina, na watu ukingoni wanaitikia kama kibwagizo.

Nilikaa kwenye nyasi na Mama Nakiete, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Na wewe ni nani wao?" akaniuliza.

"Rafiki yao."

"Wa yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akatazama mtumbwi, akanitazama, akanipa ndizi mbivu.

Majini: zamu yangu

Jumatatu asubuhi niliamka kabla yao, nikausukuma mtumbwi majini, nikamwamsha Zefania kwa kumvuta mguu. "Zamu yangu," nikamwambia. Akatoka akipikicha macho, akapanda bila ubishi.

Tulipiga kafi hadi katikati. Ukungu ulikuwa umetuzunguka, ukingo hauonekani vizuri. Nilikuwa nimeungoja wakati huo mwaka mzima, na sasa nimeupata. Nikatupa mshipi wangu majini nikijua hakuna kitu. Zefania alikuwa mbele, amenipa mgongo.

"Ombeni," akasema, "nimehamishwa."

"Umehamishwa nini?"

"Kazi. Kuna kijiji kipya huko Mpwapwa, wanafungua shule, wamenipa niianzishe. Naondoka likizo ikiisha."

Maji yalikuwa yakigonga turubai. Kisha nikauliza swali ambalo hata leo linanishangaza kwamba ndilo lililotangulia.

"Majura anajua?"

Akainama, akachota maji kwa kiganja.

"Zefania. Anajua?"

"Anajua. Nilimwambia mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita! Mtu uliyemwokota juzi!"

"Kumwambia yeye ni kumpa habari tu; kukuambia wewe ni kukuaga," akasema, bado hajageuka. "Kila nikija kwako kukuambia, mkeo anapakua chakula, wewe unaleta mbao za mtumbwi tuzipake mafuta, nashindwa. Nikaona nimlete huku. Ni mtu mzuri, hana mtu Same. Nikafikiri mkizoeana, nikiondoka hutabaki peke yako."

"Kwa hiyo umenitafutia mtu? Mimi ni ng'ombe, unanikabidhi kwa mchungaji mwingine?"

"Ombeni, kaa chini."

Sikujua kwamba nimesimama. Ule mtumbwi si wa kusimama. Nilimwona Zefania akishika ubao, nikaona mawingu, kisha baridi ikaniingia masikioni na puani. Nilizama, nikatoka, nikapiga kelele, nikameza maji. Zefania naye alikuwa akipiga maji kama mbwa. Sisi sote wawili ni watu wa kuvulia ukingoni, kuogelea hatujui. Nikaamini kabisa kwamba tunakufa pale, na nitawaambia wazo lililonijia: angalau tunakufa wawili.

Kutoka ukingoni ikasikika sauti ya Majura.

"Simameni! Simameni tu! Hapo hapana kina!"

Nikashusha miguu. Ikagusa tope. Nikasimama. Maji yalinifikia kifuani. Zefania akasimama pia, magugu yamemvaa kichwani kama wigi la hakimu. Tukatazamana. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

Zefania alikuwa analia. Kwanza nilidhani ni maji. Nikamshika bega, tukatembea hadi ukingoni hivyo hivyo, tukiuburuta mtumbwi uliovunjika mbavu. Majura alikuwa ameingia majini hadi magotini kutupokea, shati lake jeupe na yote. Yeye peke yake hakucheka.

Kushuka

Tulirudi na lori lililopakia ndizi. Zefania alipewa nafasi mbele na dereva kwa sababu alikuwa na homa, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nikabaki na Majura, juu ya mikungu, mfuko wa mbao zilizovunjika katikati yetu.

Tulikwenda kona kadhaa. Alikuwa ameshika ubao kama siku ile ya kupanda, uso umekakamaa.

"Usitazame chini," nikamwambia hatimaye. "Tazama mlima ule wa mbele."

Akautazama. Baadaye akasema: "Bwana Ombeni, unajua Zefania anazungumza nini tukiwa pamoja?"

"Nitajuaje?"

"Wewe. Ombeni alivyomkamata kambale kwa shati. Ombeni alivyomtibu yeye mguu. Ombeni angesema hivi, Ombeni angecheka. Miezi miwili nakula, nakunywa chai na mtu ambaye hayupo. Hata dagaa wale, alipokula kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu, alisema Ombeni lazima awaonje. Ndiyo maana niliwaleta."

"Alisema hajawahi kula kitu kama kile."

"Hiyo alisema Makanya. Mara ya kwanza alisema hilo jingine." Lori likayumba, akafumba macho. "Mimi nilikuja safari hii nikiwa na wivu nawe. Nilitaka nimwone mtu huyo. Nikakuta mtu hataki hata kunisalimu."

Nilimwambia afumbue macho atazame mlima. Nikaendelea kumwonyesha vilima kwa majina hadi tukafika tambarare.

Same tena

Zefania aliondoka mwezi huo huo, yeye na mkewe na godoro na mbuzi wawili, kwa lori la serikali. Sikulia stendi, kinyume na mlivyosikia. Nililia nyumbani.

Majura sasa huja kwangu Jumapili. Mwanzoni alikuja kwa sababu ya mbao za mtumbwi, akisema anamjua seremala, na mke wangu akampakulia maharage, akala sahani mbili. Sina hakika kama ni rafiki yangu. Kuna siku namtazama akicheka na watu wangu wa bao, watu ambao nimecheza nao miaka, nao wanamsogezea kigoda kabla yangu, na moto ule ule unaniwaka. Mnaosoma haya mnajijua.

Juzi mimi na Majura tulikuwa kibandani tunakunywa chai, dereva mmoja akaingia kutoka safari ya Dodoma. Akauliza nani ni dresa wa zahanati. Nikainua mkono.

"Nimekutana na mwalimu Zefania huko Mpwapwa," akasema. "Mzima kabisa. Shule imeanza chini ya mti, anajenga. Amesema niwasalimie, Majura na Ombeni."

Nikaweka kikombe chini.

"Alianza na jina la nani?"

"Eti?"

"Alipokutuma. Alisema Majura na Ombeni, au Ombeni na Majura?"

Dereva akanitazama kama anayeona nimelewa. "Ndugu yangu, nimeendesha kutwa. Nitakumbuka vipi?"

Watu kibandani wakacheka. Majura hakuinua macho. Alichovya andazi lake kwenye chai, akalitafuna, akameza.

"Alianza na Ombeni," akasema, kama vile alikuwepo.

Nikachukua kikombe changu, nikanywa. Sikumuuliza anajuaje.